Nauli ya Kurudi Bugando

Mkoa wa Mara umeichangia dunia elimu kubwa kuhusu saratani, na wenyeji wa Mara hawajaambiwa. Muulize mtu yeyote pale stendi ya Bweri, Musoma, mkoa huu unajulikana kwa nini. Atakutajia Mwalimu Nyerere, Serengeti, dhahabu ya Nyamongo, sato na dagaa. Hatakutajia limfoma ya Burkitt. Hana kosa, maana hakuna aliyemweleza kwamba baadhi ya mambo ambayo madaktari wa London na Chicago wanayafahamu leo kuhusu saratani yalipatikana kwa watoto wa mwambao huu wa ziwa.

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya chembe B, aina ya chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili. Hushika watoto, wengi wao wa umri wa kwenda chekechea na madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, wavulana zaidi ya wasichana. Ulaya na Marekani ni ugonjwa adimu. Katika ukanda wa Afrika wenye joto, mvua na malaria ya mwaka mzima, ukiwemo mwambao wa Ziwa Victoria, imo kati ya saratani zinazoongoza kwa watoto. Lakini hata kwetu huhesabiwa kwa watoto wachache katika kila laki moja kwa mwaka. Ndiyo maana tabibu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo, na siku ikimjia akaandika kwamba mtoto ana jipu la jino.

Huanza hivi. Taya la mtoto linavimba upande mmoja, wakati mwingine pande zote. Meno yanalegea bila kuuma sana, mengine yanang'oka yenyewe. Kwa watoto wengine ni tumbo linalojaa, au jicho linalosukumwa nje, au miguu inayoishiwa nguvu ghafla. Kati ya saratani zote za binadamu hakuna inayokua haraka kama hii: uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu. Uvimbe wa Jumatatu si uvimbe wa Alhamisi. Familia ikianzia kwa mng'oa meno, ikapita kwa mganga wa kienyeji, ikasubiri siku ya gulio ipatikane pesa ya kuuza mbuzi, mwezi umekwisha na mtoto amekwisha.

Aliyeutambulisha ugonjwa huu kwa dunia ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa amwone mtoto wa kiume aliyevimba pembe zote nne za mataya. Hakuelewa. Baada ya muda mfupi akiwa Jinja akaona mtoto wa kike mwenye uvimbe uleule usoni, naye alikuwa na uvimbe mwingine tumboni. Daktari mwingine angeandika kesi mbili akaendelea na kazi zake. Burkitt alichimbua majalada ya hospitali, akachapisha makala yake ya kwanza mwaka 1958, kisha akaanza kuuliza swali ambalo mpasuaji hakuzoea kuuliza: watoto hawa wanatoka wapi? Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford walilolinunua kwa pauni 250. Kwa wiki 10 walisafiri maili kama 10,000, wakipita Tanganyika na kushuka kusini mwa bara, hospitali moja baada ya nyingine, wakionyesha picha na kuuliza: mnao watoto kama hawa? Walipoyachora majibu kwenye ramani, ugonjwa ulionekana kuifuata nchi ya joto na mvua na kuikwepa milima. Ilikuwa karibu ramani ileile ya malaria.

Wakati huohuo Uingereza, mtafiti Anthony Epstein alikuwa amemsikia Burkitt akitoa mhadhara mwaka 1961, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe hizo kwa darubini ya elektroni. Kirusi cha Epstein-Barr ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Wazazi wanapaswa kujua jambo moja hapa: kirusi hiki karibu kila mtoto wa kwetu hukutana nacho akiwa mdogo sana, na walio wengi hawaumwi chochote. Saratani haikuambukizwa na mtoto wa jirani. Mama hakuileta kwa alichokula akiwa mjamzito. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha chembe B kuzaliana bila kupumzika, kirusi huzizuia zisife kwa wakati wake, na katika purukushani hiyo jeni moja, iitwayo MYC, huhama mahali pake na kuanza kuamrisha kuzaliana kusikokoma. Basi. Hakuna mkono wa mtu.

Sasa Mara inaingia. Wamisionari Wamenonaiti walifika Shirati mwaka 1934, na hospitali yao, iliyo leo katika wilaya ya Rorya, ikawa mahali ambapo watoto wa Mara Kaskazini wenye mataya yaliyovimba walipelekwa. Kuanzia mwaka 1964 kesi zao ziliandikwa kwa uangalifu, na daktari wa pale, Glen Brubaker, akishirikiana na watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, akachapisha matokeo mwaka 1973. Halafu wakathubutu jambo kubwa zaidi. Ikiwa malaria ndiyo inayofungua mlango, je, ukiipunguza malaria, saratani itapungua? Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa nyanda za chini za Mara Kaskazini waligawiwa vidonge vya klorokwini vijijini. Malaria ikashuka. Limfoma ya Burkitt ikashuka mpaka kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa pale. Kisha vimelea vikaizoea dawa, malaria ikarudi, mradi ukafungwa, na saratani ikapanda tena. Watafiti hawakutia chumvi: walieleza katika ripoti yao ya mwaka 1989 kwamba saratani ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge, kwa hiyo ushahidi haukuwa kamili. Hata hivyo jaribio hilo linatajwa mpaka leo kila mahali ugonjwa huu unapofundishwa. Na haikuwa mara ya mwisho. Utafiti mkubwa ulioitwa EMBLEM, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kati ya miaka 2010 na 2016, kwa upande wetu ulikusanya watoto wa Mwanza na Mara, hospitali za Bugando na Shirati zikiwemo.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu nataka msomaji wa Bunda na Musoma aelewe kwamba tunapozungumzia kuchangia wagonjwa hawa, hatuzungumzii huruma. Watoto wa mkoa huu walitoa damu yao, walimeza vidonge, waliandikwa kwenye madaftari. Elimu iliyotokana na hayo inatibu watoto wa mataifa tajiri, ambako karibu 9 kati ya 10 wanapona. Mtoto wa Kibara au Mugango anayo haki ya kupona kwa elimu hiyohiyo.

Na anaweza kupona. Hili ndilo lisilosemwa vya kutosha. Butiama tunaijua saratani ya damu kwa jina la mtu mmoja. Mwalimu Nyerere aligundulika na lukemia mwaka 1998, aina ile inayokwenda polepole, na kwa zaidi ya mwaka mzima aliendelea kusuluhisha mgogoro wa Burundi pale Arusha huku akiwa mgonjwa. Alifariki katika hospitali ya St Thomas, London, tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani Butiama. Wengi tuliosimama barabarani siku zile tulibaki na neno moja vichwani: kama Mwalimu, aliyepelekwa London, hakupona, basi saratani haiponi. Hitimisho hilo limewaua watu. Saratani si ugonjwa mmoja. Ile ya Mwalimu ilikuwa ya wazee, ya taratibu, ambayo dawa za wakati ule ziliituliza tu bila kuing'oa. Ya Burkitt ni ya watoto, ya mbio, na mbio zake ndizo udhaifu wake: dawa za saratani hushambulia chembe zinapojigawa, na chembe za Burkitt hujigawa wakati wote. Uvimbe uliofunga jicho la mtoto unaweza kuanza kunywea ndani ya siku chache baada ya dripu ya kwanza.

Dawa zenyewe si ngeni wala si zile za mamilioni kwa kila chupa. Mwaka 2012 Profesa Twalib Ngoma, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, na wenzake wa Kenya na Nigeria walichapisha matokeo ya wagonjwa 356 waliotibiwa kwa dawa 3 za zamani: saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, pamoja na dawa inayoingizwa kwenye uti wa mgongo. Waliorudiwa na ugonjwa walipewa mpango wa pili. Baada ya miaka 2, zaidi ya 6 kati ya 10 walikuwa hai. Na mtoto wa Burkitt akivuka mwaka wa kwanza na wa pili bila ugonjwa kurudi, madaktari humhesabu kuwa amepona, kwa sababu ukirudi huwa unarudi mapema. Shirika la Afya Duniani liliichagua Burkitt mwaka 2018 kuwa kati ya saratani 6 za kupimia juhudi zake za kuokoa watoto, likilenga angalau asilimia 60 wapone ifikapo mwaka 2030. Shabaha hiyo Waafrika walishaifikia kwa dawa za bei ndogo, pale watoto walipokamilisha matibabu.

Ni hapo kwenye kukamilisha ndipo penye tatizo letu.

Chukua mama anayetoka Kibara, kule Mwibara, wilaya ya Bunda. Kituo cha afya kinampa rufaa ya Bunda mjini, au anapelekwa Musoma kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa, ile yenye jina la Mwalimu. Huko anaambiwa mtoto aende Bugando. Barabara inapita Lamadi na Magu mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200 ukitokea Musoma. Bugando iko mlimani, imekuwa ikipokea wagonjwa tangu mwaka 1971, na ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa yote. Kwanza huchukuliwa kinyama cha uvimbe kikapimwe. Kisha mtoto hujazwa maji kwa dripu kabla ya dawa, na hapa wazazi wengi huona wanacheleweshwa. Hawacheleweshwi. Uvimbe mkubwa ukifa kwa mpigo, taka zake humiminika kwenye damu na kuziba figo, na mtoto anaweza kufa kwa dawa iliyofanya kazi vizuri mno. Maji yale ndiyo yanayomlinda, na muuguzi anayepima mkojo kila baada ya saa chache anafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana.

Wiki ya pili taya limerudi mahali pake. Mtoto anaomba ugali na dagaa. Anacheza. Mama anamtazama na kumwona amepona, na nyumbani baba anapiga simu: mvua imeanza, pamba haijapandwa, wadogo zake wako kwa bibi ambaye naye anaumwa. Wanapewa ruhusa na tarehe ya kurudi kwa dozi ya pili. Tarehe inafika, nauli haipo. Nauli ya wawili kwenda, nauli ya wawili kurudi, chakula cha mama asiyelala kitandani bali pembeni ya kitanda. Mtoto mwenyewe anaonekana mzima kabisa, sasa kwa nini auzwe ng'ombe? Dozi ya pili inapita. Zile chembe zilizobaki, ambazo hakuna jicho linaloziona, zinaanza tena, na safari hii hazitii dawa kama mwanzo.

Ndiyo maana nasema nauli ni dawa. Sera ya nchi inaiweka saratani kati ya magonjwa yanayosamehewa gharama katika hospitali za umma, na hilo ni jambo jema. Lakini msamaha hauendeshi basi wala haupiki uji. Mwanza lipo shirika la iCCARE linaloshirikiana na Bugando na kuwasaidia watoto wenye saratani na wazazi wao wanaotoka mbali. Dar es Salaam lipo Tumaini la Maisha, lililoanza na watoto wa Muhimbili na kueneza msaada wake mikoani. Ukiwasikiliza watu wanaofanya kazi hii, hawaanzi na mashine. Wanaanza na mahali pa kulala, chakula, nauli na mtu wa kumpigia mzazi simu siku mbili kabla ya tarehe.

Watanzania hatuhitaji kufundishwa kuchanga. Nimekaa kwenye kamati za harusi Musoma ambazo zilikutana kila Jumapili kwa miezi mitatu, zikiwa na mwenyekiti, mweka hazina, orodha ya ahadi na kijana mmoja mkali wa kufuatilia wasiolipa. Kamati ile ingeweza kulisha wodi nzima. Tunachanga misiba, tunachanga sendoff, tunachanga ujenzi wa kanisa na msikiti. Kwa ugonjwa pia tunachanga, ila tunachanga kwa kushtuka: picha ya mtoto aliyevimba uso inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, namba ya simu chini yake, watu wanatoa machozi na shilingi 2,000, wiki inayofuata tumesahau. Mimi mtindo huu siupendi, na nasema wazi uachwe. Mtoto yule atapona. Atarudi shule. Picha ile itabaki kwenye simu za watu wasiomjua mpaka atakapooa. Isitoshe, pesa humfuata mwenye picha ya kutisha zaidi au mwenye mjomba anayejuana na watu, na mtoto wa tumbo lililovimba ndani ya shati hapati kitu.

Mfuko wa pamoja ni wa haki zaidi. Mbio za benki ya CRDB zilizoanza mwaka 2020 zilionyesha njia: mtu analipa kiingilio, anakimbia, na pesa inakwenda kulipia upasuaji wa moyo wa watoto asiowajua kwa sura, na baadaye Ocean Road nayo ikaingia kwenye orodha ya wanaosaidiwa. Msafara wa baiskeli wa Twende Butiama umekuwa ukitoka Dar es Salaam mpaka kijijini kwa Mwalimu kwa kumbukumbu yake. Kila tarehe 14 Oktoba viongozi wanatoa hotuba, wanafunzi wanaimba, na amani na umoja vinatajwa, kama inavyostahili. Ugonjwa uliomwondoa ni nadra kutajwa. Ningependa siku hiyo, Butiama, Bunda na Musoma, kila parokia, kila msikiti, kila kijiwe cha bodaboda kipitishe kikapu kimoja kwa ajili ya nauli za watoto wa saratani wa mkoa huu. Hesabu ibandikwe ukutani: zimeingia kiasi gani, zimepeleka watoto wangapi, nani karudi kwa dozi yake. Kikapu kisicho na hesabu ukutani msikichangie.

Na wasimame waliopona. Wapo. Vijana waliowahi kulazwa wakiwa na miaka mitano, leo wanavua, wanaendesha pikipiki, wananyonyesha watoto wao. Wengi wamenyamaza, kwa sababu familia iliogopa kwamba binti hataolewa au kwamba watu watasema ukoo una saratani. Sitamlaumu aliyenyamaza. Lakini mama aliyeambiwa jana kwamba mwanawe ana saratani haamini kipeperushi, wala haniamini mimi. Ataamini mtu mzima aliyekaa mbele yake, mwenye pengo la meno mawili upande wa kushoto, akimwambia: mimi pia, na nilirudi dozi zote. Bila kujali ni shilingi ngapi amechanga, mtu huyo ndiye mchangiaji mkubwa kuliko wote.

Msomaji, ukimwona mtoto ambaye taya, jicho au tumbo lake linavimba kwa siku na si kwa miezi, usimpeleke kung'olewa jino na usisubiri gulio. Mpeleke hospitali wiki hiyohiyo, na utamke mwenyewe jina la Burkitt kama tabibu hajalitamka. Ukikutana na mzazi aliyekwisha kuanza matibabu Bugando, usimuulize mtoto anaendeleaje. Muulize tarehe ya kurudi ni lini na nauli imefika wapi, kisha mtolee hiyo iliyopungua.